Mistari na nukta za printa kwenye negativu za plastiki: chanzo na namna ya kuziondoa

Theluji ya Kibo huumbua printa haraka kuliko picha nyingine yoyote. Ukigeuza picha ya mlima kuwa negativu, yaani nyeupe ikawa nyeusi na nyeusi ikawa nyeupe, sehemu zilizokuwa nyeupe, yaani theluji na mawingu, ndizo zinazobeba wino mwingi zaidi kwenye filamu, ile plastiki angavu ya kuchapia. Wino huo hukaa mbichi kwa muda, na kila kinachopita juu yake huacha alama. Ukiibana negativu hiyo juu ya karatasi ya sayanotipu, yaani iliyopakwa dawa inayotoa bluu pale inapopigwa na jua, na kuianika juani, theluji inatoka na safu za nukta za bluu zilizonyooka, au imekatwakatwa na mistari myembamba ambayo haimo kwenye faili lako.

Wanaochapa fulana kwa skrini wanakutana na tatizo hilohilo kwa sura nyingine. Wao hutumia pozitivu, yaani picha isiyogeuzwa, na tundu dogo kwenye wino mweusi hupitisha mwanga, emulsheni (dawa iliyopakwa kwenye skrini) inakuwa ngumu mahali ambapo ilitakiwa ioshwe na maji, na herufi za fulana ya mbio au ya kampuni ya utalii zinatoka na vitobo visivyo na rangi. Kwa hiyo mengi ya hapa yanawafaa pia, isipokuwa kwamba wao hawana haja ya kuhangaika na kijivu laini.

Nitazungumzia printa za wino wa maji, hasa Epson, kwa kuwa ndizo zinazotumika sana kwa kazi hii: zile ndogo za matangi kama L805 na L1800, na zile za wapiga picha zenye wino wa pigmenti kama P600 na P800. Canon na HP zina matatizo ya aina hiyohiyo, ila menyu zake zimepangwa tofauti.

Soma alama kwanza

Kosa linalokula filamu nyingi ni kuanza kusafisha hedi, yaani kichwa cha printa kinachonyunyiza wino, kila unapoona mstari. Usafishaji unamaliza wino, unajaza sponji ya wino taka, na mara nyingi hedi haina kosa lolote. Alama yenyewe inakuambia imetoka wapi, mradi uangalie mambo mawili: imeelekea upande gani, na ina umbo gani.

Tengeneza ukurasa wa majaribio wa A4. Weka kanda tatu pana zinazokatiza ukurasa kutoka kushoto hadi kulia: moja ya kijivu cha asilimia 30, ya pili 60, ya tatu 95. Andika neno JUU kwenye upande unaoingia kwanza kwenye printa, na mshale unaoonyesha mwendo wa karatasi. Chapa kwenye filamu ileile na kwa mipangilio ileile unayotumia siku zote. Iache ikauke, kisha iweke juu ya skrini nyeupe ya simu iliyoongezwa mwanga hadi mwisho, uikague kwa lenzi ya kukuzia. Kamera ya simu nyingine inayoweza kukaribia inatosha pia.

Ukiona safu za nukta au vitobo vidogo vinavyofuata mwendo wa karatasi, safu moja hapa, nyingine sentimita chache pembeni, zote sambamba na zikiwa mbaya zaidi kwenye ile kanda ya 95, hivyo ni vigurudumu vya meno vya kutolea karatasi. Ukiona utepe mpana usio na nukta, unaong'aa au kufifia kidogo ukiinamisha filamu kwenye mwanga, nao ukifuata mwendo wa karatasi, hizo ni rola za kuvutia karatasi zimelikandamiza tabaka la filamu linalonywa wino.

Mistari inayokatiza mwendo wa karatasi, myembamba, iliyopangwa kwa nafasi sawa ukurasa mzima, inatokana na nozeli (vitundu vya hedi vinavyotoa wino) zilizoziba au printa inayosogeza filamu kwa hatua isiyo sahihi. Ikiwa mistari hiyo ipo sentimita tatu au nne za mwisho tu, hedi na nozeli hazihusiki: filamu imeachiwa na rola za nyuma na sasa inashikwa na za mbele peke yake.

Madimbwi, mawimbi au chembechembe zilizokusanyika ni wino kuzidi, au umechapa upande usio na tabaka. Michirizi myeusi kwenye pembe ni hedi kugusa filamu. Nukta safi zilizotapakaa bila mpangilio ni vumbi.

Kama bado una shaka, geuza picha nyuzi 90 ndani ya programu, uchape tena ukurasa uleule. Alama ikibaki ikifuata mwendo wa karatasi, ni ya printa. Ikigeuka pamoja na picha, imo ndani ya faili, labda ni kamera au ukandamizaji wa JPEG.

Na kuna alama moja inayosingiziwa printa bure: miviringo ya mawimbi inayoonekana kwenye picha ya mwisho lakini haimo kwenye filamu hata ukiitafuta kwa lenzi. Hiyo inatokea pale plastiki laini inapobanwa na kioo cha fremu na kubaki hewa nyembamba kati yake. Haina dawa ndani ya printa. Kioo chenye uso uliokwaruzwa kidogo kinaiondoa.

Filamu yenyewe

Transparensi za kawaida za stesheneri, zile zilizotengenezwa kwa mashine za fotokopi na leza, hazina tabaka la kunywa wino. Wino wa maji unajikusanya juu yake kama matone na haukauki hata ukisubiri hadi kesho. Hakuna mpangilio wa draiva, ile programu ya kompyuta inayoiendesha printa, utakaookoa filamu ya namna hiyo. Unahitaji filamu iliyoandikwa wazi kwamba ni ya printa za wino, kwa mfano Pictorico, Fixxons au Inkpress. Watu wengi wa Arusha na Moshi wanalazimika kuagiza, na kwa sababu hiyo kila karatasi ya filamu ina thamani. Kata moja ya A4 vipande vinne vya majaribio kabla ya kutumia nzima, ilimradi kipande kisiwe kifupi kuliko kile ambacho printa yako inakubali kushika.

Tabaka lipo upande mmoja tu. Lowesha ncha ya kidole kidogo, gusa pembe ya filamu pande zote mbili: upande unaonata ndio wa kuchapia. Kwenye printa za kulishia nyuma kama L805, upande huo unakutazama wewe. Kwenye printa zenye trei ya mbele chini, zinazopindua karatasi, upande huo unaangalia chini. Kama unaweza kuchagua, epuka kabisa njia ya kupindua; filamu nene inakwaruzwa pale kwenye kona.

Printa nyingi hutambua karatasi kwa macho ya mwanga, na plastiki angavu haionekani. Matokeo yake ni printa kudai hakuna karatasi, au kuivuta na kuitoa bila kuchapa. Bandika ukanda wa karatasi nyeupe wa upana wa sentimita 1 hadi 2 kwenye ukingo unaoingia kwanza, kwa upande wa nyuma, ukitumia vipande vidogo vya masking tepu nyembamba. Usitumie selotepu nene wala usiache pembe ya tepu ikisimama, kwa sababu hedi itaikamata. Draiva za printa kubwa zina chaguo la Check Paper Width, liondolee tiki.

Vigurudumu vya meno

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, kwa hiyo tukae kidogo.

Fungua kifuniko cha mbele, mulika kwa tochi. Juu ya rola ya kutolea utaona safu ya vigurudumu vyembamba vya chuma vyenye meno makali ukingoni. Kazi yake ni kuibana karatasi iliyotoka kuchapwa isiinuke na kugusa hedi, na vimewekewa meno ili vigusane na wino kwa sehemu ndogo kadiri inavyowezekana. Kwenye karatasi ya kawaida huwezi kuona athari yake: wino umeshanywewa, na picha unaiangalia kwa mwanga unaorudi kutoka juu. Kwenye filamu mambo mawili yanabadilika. Tabaka linanywa polepole, kwa hiyo jino linakuta wino mbichi na kuusukuma pembeni. Halafu mwanga unapita ndani ya filamu, na kila tundu, hata dogo namna gani, linapitisha miale ya urujuanimno hadi kwenye karatasi yako.

Maana yake ni kwamba meno yenyewe si tatizo. Tatizo ni wino kuwa mbichi pale meno yanapofika. Anza na wino, acha bisibisi kwa mwisho.

Hatua ya kwanza ni kupunguza wino. Chapa ukanda wenye visanduku vya weusi kuanzia asilimia 100, 95, 90, ukishuka hivyo hadi 60, kila kimoja sentimita 2 kwa 3, na ukanda wote upite chini ya kigurudumu kimoja ulichokwisha kukiona. Tafuta kisanduku cha kwanza ambacho nukta zimetoweka. Hicho ndicho kikomo chako cha wino. Kwenye draiva za printa kubwa, nenda sehemu ya Paper Configuration, punguza Color Density kwa asilimia 10, kisha 15, kisha 20. Kwenye draiva ndogo zisizo na kitu hicho, shusha ndani ya picha: kwenye Levels ya programu yako ya kuhariri picha, inua weusi wa kutokea (output) kutoka 0 hadi 30 au 40. Kubadilisha aina ya karatasi kwenye draiva pia hubadilisha kiasi cha wino, kwa hiyo linganisha Premium Glossy na Premium Luster au Matte kwa ukanda huohuo.

Usishushe bila kupima kama wino uliobaki bado unazuia mwanga. Tafuta kwanza muda mfupi kabisa ambao filamu tupu, isiyochapwa, inatoa bluu iliyokomaa kwenye karatasi yako. Kisha anika ule ukanda wa visanduku kwa muda huohuo. Kisanduku cha kikomo chako kikiacha karatasi nyeupe baada ya kuosha, una nafasi ya kutosha. Kikiacha bluu hafifu, wino hautoshi, nenda hatua ya pili badala ya kushusha zaidi. Jua la saa sita mchana Arusha, karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ni kali. Fanya vipimo vyote katika saa ileile ya siku na chini ya anga la namna ileile, la sivyo unalinganisha mawingu.

Aina ya wino ina nafasi kubwa hapa. Wino wa pigmenti una chembe za rangi na unazuia miale ya urujuanimno vizuri kwa kiasi kidogo. Wino wa dayi, ule wa L805 na L1800, umeyeyuka kabisa kwenye maji na mweusi wake unaweza kuonekana mzito machoni huku ukipitisha miale. Mwenye wino wa dayi asichape kwa mweusi peke yake. Njano huzuia miale hiyo vizuri kuliko jicho linavyodhani, kwa hiyo acha draiva ichanganye rangi zote.

Hatua ya pili ni kuupa wino muda. Draiva za printa kubwa zina Drying Time per Head Pass, yaani hedi inasubiri kidogo baada ya kila mpito. Anza na sekunde 1. Ukihitaji, panda hadi 2 au 3. Uchapaji utaongezeka dakika kadhaa, lakini kila mstari utakuwa umepata muda wa kunywewa kabla ya kufika kwenye vigurudumu. Printa ndogo hazina chaguo hilo. Kwa hizo, chagua ubora wa juu kabisa na uondoe tiki kwenye High Speed. Hedi itachapa ikienda upande mmoja tu na kurudi tupu, na filamu itasogea polepole zaidi. Hilo pia linaondoa ukwaruzo wa kingo unaotokana na mipito miwili isiyolingana.

Kuna kitu kidogo ambacho wengi hawakiangalii: mwisho wa picha. Printa ikimaliza kuchapa mstari wa mwisho, inaitema filamu kwa kasi, na wino wa sentimita za mwisho unapita kwenye meno ukiwa umetoka tu kwenye nozeli. Ndiyo maana safu za nukta mara nyingi ni nyepesi juu na nzito chini. Acha sentimita 5 tupu chini ya picha, kisha chora pembeni kabisa mstari mwembamba wa kijivu cha asilimia 2 au 3 unaoshuka hadi mwisho wa ukurasa. Printa huruka sehemu nyeupe haraka. Mstari huo unailazimisha iendelee hatua kwa hatua. Pia geuza picha ili theluji au mawingu viingie kwanza, na sehemu zenye wino mdogo ziwe mkiani.

Hali ya hewa nayo haidanganyi. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, hewa ina unyevu na tabaka la filamu limeshakunywa maji kabla hujachapa. Mipangilio iliyofanya kazi vizuri Februari itatoa nukta Aprili. Hifadhi filamu ndani ya mfuko uliofungwa vizuri pamoja na vifuko vya silika, na kwa msimu huo ongeza muda wa kukausha badala ya kuanza kutafuta ubovu.

Hatua ya tatu ni usafi wa vigurudumu. Meno yaliyogandwa na wino wa zamani ni mapana kuliko meno safi. Zima printa kwa kitufe chake ili hedi irudi mahali pake, ndipo uchomoe waya. Kata ukanda wa karatasi ngumu, ulowanishe kidogo kwa maji ya chupa, na uzungushe kila kigurudumu dhidi yake hadi ukanda utoke safi. Usipake mafuta, petroli wala thina.

Yote hayo yakishindwa, ndipo unaweza kufikiria kuviondoa. Kwenye printa nyingi kila kigurudumu kimeshikwa na springi ndogo ndani ya kishikio cha plastiki, na kinaweza kuchomolewa kwa koleo nyembamba. Mimi nashauri uondoe vile tu vinavyopita juu ya picha, uviache vya pembeni vinavyopita kwenye mpaka mtupu, viendelee kuikandamiza filamu. Filamu nene inavumilia hilo. Karatasi nyembamba haivumilii: itainuka, itagusa hedi, na itakwama. Kwa hiyo fanya hivyo kwenye printa uliyoitenga kwa ajili ya negativu, piga picha kila hatua, weka vigurudumu kwenye kibahasha chenye namba ya nafasi yake, na ujue kwamba dhamana ya printa inaishia hapo.

Mistari inayokatiza

Chapa nozzle check kwenye karatasi ya kawaida, siyo kwenye filamu. Ukurasa huo una vistari vilivyopangwa kama ngazi; ngazi iliyokatika ni nozeli iliyoziba. Njano na rangi hafifu hazionekani vizuri kwa jicho, ziangalie chini ya taa ya bluu au kwa kamera ya simu. Safisha mara moja, angalia. Safisha mara ya pili, angalia. Baada ya mara tatu bila mabadiliko, acha printa ipumzike kwa muda wa saa sita au usiku mzima, kwa sababu mara nyingi kilichobaki ni kiputo cha hewa na usafishaji mfululizo unakiongeza. Printa isiyotumika kwa wiki mbili katika vumbi la kiangazi itaziba tu. Ifunike kwa kitambaa, na chapa ukurasa mdogo wenye rangi zote angalau mara moja kwa wiki. Umeme ukikatika katikati ya uchapaji, hedi inabaki wazi nje ya kifuniko chake na wino unaanza kuganda. UPS ndogo inayoipa printa dakika tano za kumalizia inalipa gharama yake.

Nozeli zikiwa zote nzima na mistari ipo, chanzo ni hatua ya kusogeza. Filamu inateleza kwenye rola tofauti na karatasi. Angalia mstari kwa lenzi: mstari mwangavu kwenye filamu unaonyesha hatua imekuwa ndefu, wino wa mpito mmoja haukufika ulipoanzia wa pili. Punguza Paper Feed Adjustment. Mstari mweusi ni mipito imepandana, ongeza. Sogea kidogo kidogo, chapa kipande cha sentimita 5, linganisha. Kumbuka kwamba kwenye picha ya mwisho mambo yanageuka: mstari mwangavu wa filamu unatoka bluu iliyokoza. Pima kwenye filamu yenyewe usichanganyikiwe.

Kuchapa kwa mweusi peke yake kunazidisha mistari hii hata kwenye printa nzima. Rangi moja inatumia nozeli chache, na kila kosa la nozeli moja linaonekana. Ukitumia rangi zote, makosa yanafunikana. Wanaotumia QuadToneRIP, programu ya kuchapa inayochukua nafasi ya draiva, kwenye Epson za pigmenti wanaweza kugawa kazi kwa mweusi na kijivu zake, na kuchagua kuchapa upande mmoja. Ni njia nzuri sana kwa anga laini, ila inadai upime upya mkunjo wa toni, yaani marekebisho yanayolinganisha kijivu cha faili na bluu ya picha ya mwisho, kuanzia mwanzo. Azimio la faili liwe pikseli 360 kwa inchi kwa Epson. Kubwa zaidi ya hapo halitaondoa mstari wowote.

Kwa mistari ya sentimita za mwisho tu, usibadilishe hatua ya kusogeza, utaharibu ukurasa uliobaki. Tumia filamu ndefu kuliko picha, au bandika mkia wa karatasi wa sentimita 5 nyuma ya filamu ili rola za nyuma ziendelee kushika kitu hadi picha iishe.

Rola, hedi na vumbi

Utepe wa rola za kuvutia unapungua ukilisha karatasi moja moja, ukiisindikiza kwa mkono bila kuisukuma. Futa rola kwa kitambaa kisicho na nyuzi kilicholoweshwa maji kidogo. Karatasi ya kawaida iliyowekwa nyuma ya filamu husaidia ishike vizuri bila kubanwa sana. Vaa glavu za pamba, au shika kingo tu, maana mafuta ya vidole yanazuia wino na kutoa doa lenye umbo la kidole ambalo hutaliona hadi umeshaosha picha.

Hedi ikigusa pembe, filamu imejikunja. Ilaze chini ya vitabu usiku mmoja. Tatizo likibaki, chagua Thick Paper au panua Platen Gap, yaani nafasi kati ya hedi na filamu, hatua moja. Usipanue zaidi ya inavyohitajika, kwa kuwa matone yakisafiri mbali yanatawanyika na picha inapoteza ukali.

Vumbi ni adui wa miezi mikavu. Plastiki ikitolewa kwenye boksi inakuwa na chaji ya umeme na inavuta kila chembe iliyo mezani. Chembe ikikaa juu ya filamu inapokea wino, kisha inadondoka na kuacha tundu safi. Futa meza kwa kitambaa chenye unyevu, nyunyizia sakafu maji kama ni ya saruji, piga filamu kwa pampu ya mkono ya hewa, na toa karatasi moja pale tu unapotaka kuilisha. Zima feni.

Baada ya kutoka, iache negativu ilale kwa saa moja kabla ya kuigusisha na karatasi yenye dawa. Wakati wa mvua, saa kadhaa. Drayeri ya nywele kwa moto mdogo dakika mbili inaharakisha, ukiishika mbali isikunje filamu. Negativu yenye unyevu itanata kwenye sayanotipu na kuing'oa.

Badilisha kitu kimoja kwa kila jaribio, na uandike kwa kalamu ya kudumu kwenye ukingo wa filamu: tarehe, aina ya karatasi kwenye draiva, kiasi cha wino, muda wa kukausha. Ukishabadilisha wino, mkunjo wa toni uliokuwa nao haufai tena. Pima mwingine.

Negativu iliyokwishapata alama

Matundu machache yanarekebishika. Geuza filamu, na kwa upande wa nyuma usio na tabaka gusa kila tundu kwa ncha ya brashi namba 000 yenye rangi nyekundu nzito ya akriliki. Unene wa plastiki utalainisha kingo za doa. Wa fulana watumie kalamu nyeusi ya kuzibia, pande zote mbili wakitaka.

Nukta ya bluu iliyokwisha kutokea kwenye sayanotipu inaweza kufifishwa kwa magadi. Yeyusha nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji, acha yatulie, chovya brashi, gusa katikati ya nukta tu, na subiri hadi bluu igeuke njano hafifu. Suuza mara moja kwa maji mengi, vinginevyo magadi yanaendelea kula pembeni. Jaribu kwanza kwenye picha iliyoharibika. Kwa sababu hiyohiyo, kama maji ya bomba au kisima chako yana magadi, kama yalivyo maji ya sehemu nyingi kuzunguka Meru, tia kijiko cha siki kwenye lita ya kwanza ya kuoshea. Bluu inayopauka ukurasa mzima ni maji, wala printa haihusiki.